Sura ya Tano: Taa Imewaka, Gari Linatembea

“Taa ya injini inawaka tangu mwezi uliopita, lakini gari linatembea vizuri tu. Nilipeleke gereji, au niendelee nalo?”

Swali hili huulizwa kwenye vituo vya mafuta, sehemu za kuoshea magari, hata msibani, wanaume wakishakaa kwenye viti vya plastiki na mazungumzo kuhamia kwenye magari. Mwulizaji mara nyingi ana gari la Japani lililotumika: IST, Vitz, Spacio, Probox, au RAV4 ya zamani, lililoshushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa likiwa tayari limekula miaka huko lilikotoka. Ukimsikiliza vizuri, haombi ushauri. Anaomba ruhusa ya kuendelea.

Ruhusa hiyo wakati mwingine ipo. Kuna taa unayoweza kukaa nayo mpaka mshahara utoke, na kuna taa ambayo ukiipuuza kwa dakika chache tu injini imekwisha. Sura hii ni ya kuzitofautisha. Ni pia ya jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalowala watu fedha zaidi: taa haitaji kifaa kilichokufa, inataja dalili. Kati ya dalili na kifaa kuna kazi ya kupima, na anayeiruka kazi hiyo hujikuta amenunua spea tatu kwa ajili ya ugonjwa mmoja.

Anza na swichi, kabla ya stata

Zungusha ufunguo mpaka ON, uishie hapo. Usipige stata. Dashibodi itajaa taa: kopo la oili, betri, breki, umbo la injini, ABS, mtu aliyekaa na duara mbele yake. Zote hizo zinajipima. Ukipiga stata, nyingi huzimika papo hapo. Ya eabegi, yaani ule mfuko unaofumuka usukanini wakati wa ajali, kwenye Toyota hukaa kama sekunde sita ndipo izimike.

Taa inayobaki imewaka ina la kusema. Ila ya kutilia shaka zaidi ni ile ambayo haikuwaka kabisa ufunguo ukiwa ON. Pengine balbu imeungua, maana magari ya miaka ya 1990 yalitumia balbu ndogo nyuma ya dashibodi na balbu hufa. Pengine kuna mtu aliitoa. Kwa anayejua kufungua dashibodi hiyo si kazi kubwa: anachomoa balbu, au anabandika selotepu nyeusi nyuma ya alama. Wajanja zaidi huunganisha waya wa taa ya eabegi na wa taa ya oili ili ziwake na kuzimika pamoja. Ujanja huo hujiumbua wenyewe, kwa sababu eabegi ina hesabu yake ya sekunde na oili haina. Zikizimika kwa mpigo mmoja, jua kuna aliyepita hapo kabla yako.

Kuhusu rangi hakuna mengi ya kusema. Nyekundu inahusu usalama wako au uhai wa injini, na mara nyingi maana yake ni simama. Njano inasema mfumo fulani haufanyi kazi sawasawa, panga siku ya kwenda gereji. Kijani na bluu hukujulisha tu kwamba kitu fulani kimewashwa. Kuna bluu moja ya kuijua: kwenye magari mengi madogo kama Vitz na Passo hakuna mshale wa joto, badala yake kuna taa ya bluu injini ikiwa ya baridi, ambayo huzimika ikipata joto. Baada ya hapo husikii lolote tena mpaka iwake nyekundu.

Nyekundu ya kopo la oili

Watu wengi hudhani taa hii inapima wingi wa oili. Haipimi wingi. Inapima presha, yaani nguvu inayoisukuma oili ipite kwenye vyuma vinavyozunguka kwa kasi ndani ya injini. Ndiyo maana kwenye magari mengi ya zamani oili inaweza kupungua lita nzima na zaidi bila taa kusema neno, na inapowaka, vyuma tayari vinasuguana vikavu.

Ikiwaka ukiwa barabarani, toka pembeni na uzime injini hapohapo. Usijipe moyo kwamba gereji iko karibu. Subiri dakika kadhaa oili ishuke chini, chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kichomoe tena usome. Ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza, uwashe, uangalie. Oili ikiwa imejaa na taa bado inawaka, gari lipande breakdown.

Kuna hali ya katikati inayowasumbua wenye injini zilizochoka: taa inapepesa gari likiwa silensa, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, hasa ikishachemka kwenye foleni, na ukikanyaga kidogo inazimika. Fundi wa haraka atabadilisha swichi ya oili kwa sababu ni ya bei ndogo. Huenda amepatia. Lakini kabla ya kuamini, mwambie afungue swichi hiyo na kufunga geji ya presha mahali pake, asome presha injini ikiwa ya moto. Geji ikionyesha presha nzuri, kosa ni la swichi. Ikionyesha ndogo, umeokoa injini kabla haijanoki.

Nyekundu ya joto, na maovu yanayofanyiwa rejeta

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu gari kuchemsha ndiyo njia ya kawaida kabisa ya kuua injini ya gari kuukuu katika nchi zetu, na sehemu kubwa ya balaa hilo tunajiletea wenyewe.

Maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 100 ukiwa Tanga au Dar es Salaam, na ukiwa Mbeya, juu kule, huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi. Injini hufanya kazi karibu sana na hapo. Kinachozuia maji yasichemke ni vitu viwili: kulanti, yaani kile kimiminika cha rangi kinachochanganywa na maji ili yasichemke mapema wala kuleta kutu, na kofia ya rejeta, ambayo si kifuniko cha kawaida. Ina springi inayobana mfumo uwe na presha, na presha hiyo inakipandisha kiwango cha kuchemka mpaka kama nyuzi 120. Kofia iliyochoka, au iliyoazimwa kwenye gari jingine, inatosha kulifanya gari zima lichemshe mlima wa Kitonga wakati Morogoro lilipita bila shida.

Sasa angalia tunachofanya. Kulanti ikipungua tunaongeza maji ya bomba, wiki hii na wiki ijayo, mpaka kulanti inabaki jina. Kutu inaanza. Vijinjia vyembamba vya rejeta vinaziba. Gari linachemsha, tunakwenda kwa fundi chini ya mwembe, naye anatoa tiba inayotolewa kila mahali kuanzia Mwanza mpaka Mtwara: anatoa themostati.

Themostati ni mlango mdogo unaofunguliwa na joto. Kwenye Toyota nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Injini ikiwa ya baridi mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani tu ili injini ipate joto upesi. Ikishapata joto mlango unafunguka na maji yanakwenda rejeta kupoa. Fundi husema nchi zetu zina joto, mlango wa nini? Tatizo ni kwamba kompyuta ya gari inasoma joto la maji ili iamue mafuta kiasi gani. Bila themostati injini inachelewa kupata joto, kompyuta inaendelea kumimina mafuta kana kwamba bado ni alfajiri, na mwenye gari analalamika gari linakula mafuta. Na kwenye baadhi ya injini mlango huohuo ukifunguka kwenda rejeta huziba njia ya mkato. Ukiutoa, sehemu ya maji ya moto inapita njia ya mkato bila kufika rejeta kabisa, na lile gari lililotolewa themostati ili lisichemshe linaendelea kuchemsha.

Taa ya joto ikiwaka, zima eyakondishani. Kama unaweza kuvumilia, washa hita mpaka mwisho, kwa sababu hita ni rejeta ndogo iliyo ndani ya gari, kisha utafute pa kusimama mara moja na uzime injini. Usifungue kofia ya rejeta ikiwa ya moto. Maji yaliyobanwa kwenye nyuzi zaidi ya 100 hugeuka mvuke ukiyafungulia, na kovu lake huwa usoni. Subiri mpaka bomba la juu la rejeta lishikike kwa mkono bila kukuunguza. Na ukiongeza maji, usimwage ya baridi mengi kwa mkupuo kwenye injini ya moto. Silinda hedi hupinda, na silinda hedi iliyopinda ndiyo inayokuleta kwenye habari za gasketi kuungua.

Breki na betri

Taa nyekundu ya breki huwaka kwa hendibreki iliyosahauliwa au kwa maji ya breki kupungua. Maji hayo hayapungui bure. Ama yanavuja, ama pedi za breki zimelika, na kadiri zinavyolika ndivyo maji yanavyoshuka kufuata pistoni. Anayeongeza maji tu ameizima taa, pedi ziko palepale. Siku pedi mpya zikifungwa, pistoni zinarudishwa nyuma na maji yaliyozidi yanafurika na kula rangi ya gari. Kama pedali imekuwa laini au inazama, gari lisisogee.

Taa ya betri ina huruma kidogo. Haisemi betri ni mbovu. Inasema betri haichajiwi, na kwa kawaida lawama ni za alteneta, yaani mashine inayozalisha umeme gari likitembea. Zima eyakondishani, redio na kila usichokihitaji, gari litakwenda mwendo fulani kwa akiba ya betri. Lakini tazama kipimo cha joto kwanza. Kwenye injini nyingi, pamoja na ile ya IST na Probox, mkanda mmoja unazungusha alteneta na pampu ya maji. Taa ya betri ikiwaka na joto likapanda, mkanda umekatika, na hapo huruma imekwisha.

Kupima ni rahisi, na fundi umeme yeyote ana mita. Betri nzima gari likiwa limezimwa husoma volti 12.6 hivi. Injini ikiwaka, isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki kwenye 12, alteneta haifanyi kazi, na mara nyingi kilichokwisha ni yale makaa mawili madogo ya ndani, ambayo hubadilishwa bila kununua alteneta nzima. Usikubali kuuziwa betri kabla mita haijasema.

Kwa kifupi: oili na joto, zima injini; breki, usiondoke mpaka ujue sababu; betri peke yake, nenda moja kwa moja kwa fundi umeme.

Umbo la injini la njano

Tumefika kwenye taa ya swali letu, ile ambayo kila mtu huiita check engine.

Kwa nini inawaka na gari linatembea vizuri? Kwa sababu haikuwekwa kwa ajili ya mwendo wa gari. Iliwekwa kwa ajili ya moshi. Marekani iliagiza kwamba magari yote mapya ya kuanzia toleo la 1996 yawe na mfumo mmoja wa gari kujipima lenyewe, unaoitwa OBD, na Ulaya ikafanya hivyo kwa magari ya petroli mwaka 2001. Shabaha ilikuwa hewa ya mijini. Kwa kanuni ya Marekani taa huwaka hewa chafu ya gari inapoweza kuzidi kama mara moja na nusu ya kiwango kilichoruhusiwa, na kwa hitilafu nyingi kompyuta husubiri mpaka ilione kosa katika safari mbili ndipo iwashe. Injini inaweza kuchafua hewa mara moja na nusu bila wewe kusikia chochote kwenye usukani. Ila uchafu huo kwa kawaida ni petroli uliyoilipia.

Kwa hiyo ikiwaka bila kupepesa, na gari halina mtetemo, halikosi nguvu na halina harufu ya petroli, unaweza kuendelea kwa siku chache huku ukipanga kwenda kupima. Ikipepesa ni habari nyingine. Kupepesa maana yake injini inamisi vibaya: silinda moja au zaidi hailipui mafuta, na mafuta mabichi yanakwenda kuungulia kwenye eksozi, ndani ya masega. Masega ni kile kifaa chenye vitundu kama sega la nyuki kinachosafisha moshi, na hayakuumbwa kuhimili moto huo. Punguza mwendo, usikanyage sana mafuta, utafute pa kusimama.

Namba inasema nini

Gari huweka kumbukumbu ya kosa kwa namba, na namba hiyo husomwa kwa kifaa kinachochomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani. Namba ina mpangilio. Chukua P0171. P ni injini na gia. Sifuri inayofuata inaonyesha kwamba namba hii ina maana moja kwa watengenezaji wote. Ingekuwa 1, ni namba ya kampuni husika. Tarakimu ya pili, 1, ni habari za mafuta na hewa. Mbili za mwisho ndilo kosa lenyewe: mchanganyiko ni mwembamba, hewa nyingi, mafuta kidogo.

Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 yana soketi hiyohiyo, ila yanazungumza na mashine kwa utaratibu wao. Kile kifaa kidogo cha Bluetooth kinachouzwa kwa bei rahisi kikishindwa kulisoma gari lako, si lazima kiwe kibovu. Mafundi wa siku nyingi huunganisha pini mbili za soketi kwa waya na kuhesabu taa ya injini inavyopepesa: mara mbili, kituo, mara mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Waachie wenyewe. Soketi hiyo ina pini yenye umeme wa betri muda wote, na waya ukikosea njia fyuzi ndiyo hasara ndogo kabisa.

Sasa sikiliza mazungumzo haya, ambayo kwa namna moja au nyingine hufanyika kila siku.

“Bosi, mashine imesema oksijeni sensa.”

“Fundi, imesema namba gani?”

“P0171.”

“Basi haijasema sensa. Imesema hewa nyingi. Tutafute hewa inaingilia wapi.”

Oksijeni sensa ni kifaa kwenye eksozi kinachonusa moshi na kuiambia kompyuta kama mafuta yalitosha. Katika P0171 sensa hiyo ndiyo shahidi. Imeripoti kwamba mafuta ni kidogo, na mara nyingi inasema kweli. Kuibadilisha ni kumfukuza shahidi. Homa si malaria, na daktari anayeandika dawa ya malaria bila kutoboa kidole atapatia mara nyingine, lakini hatumsifu kwa hilo.

Fundi mzuri hufungua ukurasa wa vipimo hai kwenye mashine, aangalie marekebisho ya mafuta: asilimia ambazo kompyuta inaongeza au kupunguza ili mchanganyiko ukae sawa. Gari zima halizidi kumi juu au chini. Tuseme kwenye silensa anaona ishirini na kitu juu, na akikanyaga mpaka mizunguko 2,500 asilimia zinashuka karibu na kawaida. Hiyo ni hewa ya wizi, inayoingia kupitia bomba la mpira lililopasuka au gasketi iliyokauka. Kwenye silensa injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo ya wizi inaonekana sana. Kwenye kasi inamezwa na hewa nyingi halali. Ikiwa kinyume, silensa ni shwari na kasi ikipanda asilimia zinapanda, tafuta kwenye mafuta: pampu iliyochoka, chujio lililoziba, au sensa ya hewa yenye vumbi. Vumbi hilo huondolewa kwa dawa yake ya kupuliza, bila kununua kitu.

Injini inayomisi nayo ina kipimo cha bure. Injini ya IST, Probox na Spacio mpya ina koili nne, kila silinda na yake. Koili ndiyo inayotengeneza umeme wa plagi. Namba ikiwa P0301, silinda ya kwanza inamisi. Hamisha koili ya kwanza iende ya pili, ya pili ije ya kwanza, futa namba, endesha. Kosa likirudi kama P0302, limehama pamoja na koili, na koili ndiyo mbovu. Likibaki P0301, koili haina kosa. Angalia plagi, kisha nozeli. Kazi ya dakika kumi na spana moja. Bado kuna watu wanauziwa koili zote nne.

Gereji, kabla hujakubali spea yoyote, uliza haya:

– Namba ni ipi? Niandikie.
– Umepima nini mpaka ukafika kwenye kifaa hiki?
– Nikikifunga na taa ikarudi, nani anabeba gharama?
– Naomba kifaa cha zamani nikiondoka.

Swali la pili ndilo linalochuja. Fundi aliyepima hufurahi kulijibu.

Kuna namba moja inayostahili neno la pembeni, P0420, inayosema masega hayasafishi moshi ipasavyo. Wengi wanaoipata wanakuta masega hayapo. Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya thamani, na wapo mafundi wanaoyakata kwa hoja kwamba “yanaziba gari” kisha kuyauza. Masega mazima hayazibi gari. Huzibwa na injini inayomisi au inayokula oili, na ukiyatoa bila kutibu injini, umebaki na ugonjwa na umemtajirisha mwingine.

Wenye dizeli

Hilux, Hiace, Prado na Land Cruiser nyingi za dizeli za zamani zina taa iliyoandikwa T-BELT. Inahusu mkanda wa taimingi, unaozifanya valvu zifunguke kwa wakati. Taa hii ni kaunta tu. Kwenye nyingi huwaka kilomita zikitimia 100,000, iwe mkanda ni mzima au umebadilishwa jana, na huzimwa kwa mkono. Taa kuzima basi haithibitishi kwamba mkanda ulibadilishwa. Kama huna risiti wala aliyeshuhudia, badilisha, maana mkanda ukikatika valvu zinagongana na pistoni.

Nyingine ni ya maji kwenye chujio la dizeli. Legeza kishikio kilicho chini ya chujio, pampu kwa mkono, maji yatoke mpaka uone dizeli safi, kaza. Ikirudi kila baada ya kujaza kituo kilekile, hama kituo.

Eabegi: taa inayojua nusu

Taa ya eabegi ikiwaka daima, mfumo mzima kwa kawaida hujizima na siku ya ajali hautafumuka. Sababu mbili za kawaida ni plagi ya njano chini ya kiti, iliyolegea wakati wa kuosha ndani, na waya wa mviringo ndani ya usukani uliokatika. Huo wa pili una dalili: honi nayo hukata. Asiyezijua kazi hizi asiziguse. Toyota huelekeza kukata betri na kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kushika chochote cha eabegi.

Lakini taa hii hupima nyaya tu. Haijui hali ya baruti iliyo ndani. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza vifumuzi vya eabegi vilivyotumia amonia naitreti, ambayo baada ya miaka ya joto na unyevunyevu huharibika, na kifumuzi hulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma. Watu walikufa katika nchi kadhaa, mamilioni ya magari ya kampuni nyingi yakaitwa kurekebishwa, na Takata ikafilisika mwaka 2017. Joto na unyevunyevu ndiyo hali ya hewa ya pwani yetu. Watengenezaji wa Japani wana kurasa za intaneti ambako unaingiza namba ya chesisi na kuona kama gari liliitwa na kama lilirekebishwa. Za soko la Japani zimeandikwa Kijapani, lakini simu yako inaweza kutafsiri.

Spea gani, ya wapi

Kati ya spea mpya ya feki na spea iliyotumika ya orijino, nachagua iliyotumika, kwa vifaa vya umeme hasa: alteneta, koili, sensa ya hewa, kompyuta. Duka zuri la Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, litakuruhusu kulinganisha namba iliyochapwa kwenye kifaa chako na ya kwao. Kwa vinavyolika na kukauka, yaani mikanda, pedi, mabomba ya mpira, themostati na pampu ya maji, usinunue mtumba hata ukipewa nusu bei. Beringi za magurudumu nazo zina mtego: kwenye magari mengi sensa ya ABS husoma sumaku iliyo ndani ya beringi, na beringi feki au iliyofungwa kinyume huwasha taa ya ABS siku hiyohiyo. Kabla ya kununua sensa ya ABS, kumbuka gurudumu gani lilifunguliwa mara ya mwisho.

Taa ya ABS peke yake ni ya kuvumilika kwa muda. Breki za kawaida zipo, ila matairi yanaweza kujifunga ukikanyaga kwa hofu kwenye barabara ya mvua. Ikiwaka pamoja na nyekundu ya breki, usivumilie.

Ukinunua gari la mtu

Dashibodi safi ni rahisi kuitengeneza. Anayeuza anafuta namba asubuhi, au anakata waya wa betri, na taa inachukua safari kadhaa kurudi. Kwenye magari yenye OBD kamili kuna namna ya kujua. Kompyuta ina orodha ya majaribio inayojifanyia, na kumbukumbu ikifutwa yote hurudi kuwa “bado”. Huhitaji siku kadhaa za kuwasha injini ikiwa ya baridi, kukaa foleni na kwenda mwendo wa barabara kuu ili yakamilike. Chomeka mashine, fungua ukurasa huo. Taa haiwaki, hakuna namba hata moja, na majaribio karibu yote ni “bado”? Kumbukumbu imefutwa karibuni.

Muuzaji akikwambia betri ilibadilishwa jana, inawezekana. Mwambie utarudi wiki ijayo gari likishatembea, na kwamba siku hiyo utaliwasha mwenyewe likiwa baridi. Akikataa, usilinunue.